Hima na Ngitili: Somo la Malisho na Ardhi Yetu



Ndugu wanafunzi, pamoja na wazazi mtakaosomewa jarida hili nyumbani, somo letu safari hii linahusu ardhi. Wengi wenu mnatoka katika nyumba za ng'ombe na jembe, na neno ngitili mlilisikia kabla hamjaanza alifu. Katika vitabu vya fiqhi mtakutana na neno jingine, hima. Tunataka kuyaweka maneno haya mawili pamoja, kwani yanazungumzia jambo la aina moja, na swali lake gumu ni lile lile: eneo likishafungwa, limefungwa kwa faida ya nani?

Tuanze na la nyumbani. Ngitili ni neno la Kisukuma, maana yake ni eneo la malisho lililofungwa. Mvua zinapoanza, mwezi wa 11 au wa 12, wenyewe hukata shauri kwamba sehemu fulani isiguswe na mifugo. Nyasi hukua, hukomaa na kukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikolea, kwingine kukiwa vumbi tupu, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo. Hutangulizwa ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, wagonjwa, na maksai watakaohitajika kulima mvua zikirudi. Kwa hiyo ngitili ni ghala, ila ghala lenyewe ni la nyasi na halina paa.

Sasa tutazame hima. Zama za jahiliya, kama anavyoeleza Imamu Shafi, mkubwa wa kabila alikuwa akifika penye malisho mazuri humpandisha mbwa wake mahali pa juu abweke. Mpaka pale sauti ilipoishia, kila upande, pakawa pake peke yake. Wanyama wa wengine hawakukanyaga humo, na wake waliendelea kulisha humo na nje pia. Mtume (SAW) aliuondoa mtindo huo. Katika hadithi aliyoipokea Sa'b bin Jaththama na kuandikwa na Bukhari, alibainisha kuwa hakuna hima isipokuwa ya Allah na Mtume Wake, na maulamaa wameifahamu kuwa ni ile ya maslahi ya watu wote. Yeye mwenyewe alifunga bonde la Naqi', karibu na Madina. Baadaye Khalifa Umar (RA) akafunga Sharaf na Rabadha. Kwa hiyo kufunga malisho hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kubweka kwa mbwa.

Tukirudi Shinyanga, ni vizuri mjue kwamba ukame wa ardhi yetu haukuletwa na jua peke yake. Wakati wa Waingereza misitu mikubwa ilifyekwa ili kumaliza mbung'o, na idara ya utafiti wa mbung'o iliyoongozwa na Swynnerton ilikuwa na makao yake hapa hapa. Kisha pamba ikapanuka, ng'ombe wakaongezeka. Mwaka 1974 na 1975 watu walihamishiwa vijijini, na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe kila mtu hukivuna na hakuna anayekilinda. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, watu walikuwa wakiuita mkoa huu jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kwa msaada wa Norway, na baadaye wataalamu wa kilimo mseto wa ICRAF wakaungana nao. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu na kugawa miche. Njia iliyozaa matunda zaidi ilikuwa nyingine, kurudi kwa wazee na kuwauliza wao walikuwa wakifanyaje. Ardhi nyingi iliyoonekana imekufa ilikuwa bado na visiki hai chini. Mifugo ikizuiwa na moto ukizuiwa, migunga inachipua yenyewe bila mtu kubeba ndoo ya maji. Kanuni zilitungwa katika mkutano wa jadi, dagashida, na sungusungu wakasimamia faini. Hakuna afisa ambaye angeweza kulinda kila kichaka, ila majirani waliweza.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa hekta 611 tu. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa wakati ule, uliokuwa umeingiza maeneo ambayo leo ni Simiyu, na Bukombe ambayo tangu 2012 iko Geita. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kuni, nyasi za kuezekea, miti ya kujengea, dawa, asali, uyoga na malisho ya ngitili vilimpa mtu mmoja thamani ya dola 14 hivi kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50. Akina mama walipunguziwa saa kadhaa za kutafuta kuni. Fisi nao walirudi, jambo ambalo wenye mbuzi hawakulifurahia sana.

Lakini utafiti wa aina hiyo hiyo ulionyesha pia upande mwingine, na hapa ndipo tunapotaka mtulie. Zipo ngitili za kijiji, na zipo za kaya. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi hufunga eneo kubwa, na kiangazi akipenda huuza nyasi. Asiye na ardhi hupata kidogo au hakosi kufukuzwa. Mama mjane mwenye mbuzi wanne alikuwa akichunga kwenye uwanja wa wote, leo uwanja ule umewekewa ua wa minyaa. Ardhi imepona kweli, na yeye yuko nje ya ua.

Khalifa Umar (RA) alilijua tatizo hili. Bukhari amepokea kwamba alipomweka Hunayy, aliyekuwa huru wake, kuwa mlinzi wa hima, alimwagiza awaachie waingie wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdulrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Zingatieni ni nani hao: masahaba wakubwa, waliobashiriwa Pepo. Umar hakuwa akiwashutumu. Sababu yake ilikuwa kwamba hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, ilhali maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kwa kiongozi kuomba. Kisha akaeleza kuwa kutoa maji na malisho ni kwepesi kwake kuliko kutoa dhahabu na fedha.

Dhahabu! Sisi watu wa ukanda huu neno hilo haliwezi kutupita. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko wanaendelea. Kila duara linahitaji matimba ya kuzuia kifusi kisiwaangukie vijana, na matimba ni miti. Mialo nayo ina zebaki, ambayo ikiingia kwenye maji na udongo haitoki kirahisi. Hatusemi kijana asiende machimboni, kwani rizki ya halali hutafutwa. Tunasema duara likikauka atarudi nyumbani, na atakachokikuta huko kinategemea kilicholindwa alipokuwa hayupo. Kijiji chenye machimbo kina haki ya kudai mashamba ya miti ya matimba, yapandwe mbali na chemchemi kama ni mikaratusi, ili ngitili isiliwe na mashimo.

Kwa upande wa kilimo, hali ya hewa imebadilika na mvua haina adabu ya zamani: hukawia, kisha hushuka yote kwa siku chache. Udongo mtupu huyaacha maji hayo yakimbie na rutuba. Nyasi na mizizi ya ngitili huyapunguza mwendo yazame. Shambani kazi hiyo hiyo hufanywa na majaluba ya mpunga tuliyoyazoea mbugani, na matuta yaliyofungwa kati kwa kati ili maji yasitiririke. Mabua yasichomwe, yabaki juu ya udongo. Mtama usidharauliwe kwa sababu ya mahindi. Samadi ipelekwe shambani, badala ya kulundikana zizini mpaka mvua iisombe.

Kazi ya kufanya likizo: Muulize babu au bibi ngitili ya kwenu ilikuwa wapi kabla ya kuhamia vijijini, na leo pana nini. Tafuta ngitili moja, ya kaya au ya kijiji, uandike hufungwa mwezi gani, hufunguliwa lini, faini ni kiasi gani na nani huipokea. Kisha uliza swali la Hunayy: mwenye mbuzi wanne anaingia siku gani?