Mizani Haisemi Yote

Wenzangu wa Arua na Koboko, mashindano ya riadha yakikaribia, wanafunzi wengine huacha kula ili wawe wepesi. Yafaa tufahamu kwanza mizani hupima nini.

Mwili una misuli, mifupa, maji na mafuta. Misuli husukuma mwili. Mafuta ni akiba. Tuwatwae wanafunzi wawili, kila mmoja kilo 60. Wa kwanza ana mafuta kilo 6, wa pili kilo 15. Mizani huwaona sawa, lakini mmoja ana kilo 54 zisizo mafuta, mwenziwe 45. Kwa hiyo wapimaji huifinya ngozi kwa koleo maalumu, hupima unene wa mkunjo, kisha hukisia mafuta kwa hesabu.

Msichana na mvulana wasilinganishwe kwa kipimo kimoja. Mafuta ya lazima mwilini ni kama 3 kwa mia kwa mwanamume, na kama 12 kwa mia kwa mwanamke, kwa ajili ya uzazi. Msichana ajinyimaye chakula aweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikadhoofika. Mvulana naye hupoteza misuli pamoja na uzito.

Dorcus Inzikuru, mwenyeji wa Vurra karibu na Arua, alishinda mbio za dunia za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Helsinki, mwaka 2005. Katika mbio hizo mtu huruka mara 35. Mwenye njaa ataruka kwa nguvu gani?

Basi tule mihogo yetu kwa maharagwe, tufanye mazoezi, na maendeleo yetu tuyaulize saa ya mwalimu.