Uuguzi Ukubwani: Kwanza Kagua Cheti cha Form Four

Mtu mzima anayetamani uuguzi huuliza swali moja: "Sijawahi kufanya kazi hospitali, chuo kitanipokea?" Kitakupokea. Hakuna anayedaiwa uzoefu wa wodini ili aanze stashahada, na kijana aliyemaliza shule mwaka jana hana uzoefu huo pia. Vikwazo vya kweli, kwa muuza mboga wa Soko la Chifu Kingalu au karani wa stoo pale Msamvu, mjini Morogoro, ni viwili: matokeo ya sayansi, na namna ya kuishi miaka mitatu bila kipato cha mchana.

Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini katika mtihani wa kidato cha nne, yakiwemo kemia, baiolojia na fizikia. D inatosha. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza nzuri. Cheti hakiozi, kilichotoka miaka kumi na tano iliyopita kina uzito uleule. Shida ni kwamba wengi tuliacha fizikia mapema, tena kwa furaha. Aliyeikosa hujisajili upya Baraza la Mitihani, NECTA, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani hufanyika Novemba lakini usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo anayeamua Agosti ameshachelewa. Kabla ya kulipa tuisheni ya fizikia, uliza kama kituo kinafundisha kwa vitendo na kama maabara ipo. Kwa maoni yangu, fizikia ya saa mbili usiku baada ya siku nzima ya kazi ndiyo ngazi ngumu kuliko zote katika safari hii, na ndipo ndoto nyingi zinapoishia.

Tatizo la pili ni la mfuko. Mafunzo haya ni ya kutwa, na mwanafunzi hupelekwa fildi, yaani wodini na kwenye vituo vya afya, ambako zamu za usiku zipo. Programu za kusoma huku umeajiriwa zinawalenga wauguzi wanaojiendeleza, si anayeanza. Kwa hiyo pigeni hesabu nyumbani mapema: nani atashika genge, kikoba kitavunjwa lini, watoto watalala kwa nani. Bodi ya Mikopo, HESLB, huwakopesha wanafunzi wa stashahada pia, ila kwa kozi zilizotajwa tu. Soma mwongozo wa mwaka unaoomba uone kama uuguzi umo, ndipo uuweke mkopo kwenye bajeti.

Mkoa wa Morogoro wenyewe una vyuo. Manispaa ya Morogoro ina chuo cha serikali cha sayansi za afya, Ifakara kuna Edgar Maranta kando ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na Berega kuna shule ya uuguzi ya Kanisa Anglikana. Anayeishi Kihonda akipata chuo cha mjini ameokoa kodi ya chumba. Wa Kinole au Mgeta, huko milimani, atapanga popote atakapokwenda, basi alinganishe ada kwanza. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, unaonyesha vyuo vilivyosajiliwa, sifa na ada. Chuo kisichomo humo usikilipe hata fomu. Tena hakikisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa na cha form four yanafanana. Herufi moja ikipishana, itakusumbua.

Jihadhari na "kozi ya unesi" ya miezi michache. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, muuguzi ni aliyesajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mlango wa leseni ni mtihani wa Baraza baada ya chuo kinachotambulika.

Kabla ya yote hayo, nenda zahanati iliyo jirani ukazungumze na sista, au kaka nesi, maana wanaume nao wamo. Chagua siku ambayo si ya kliniki ya watoto, ili apate nafasi ya kukujibu. Kwenye zahanati za milimani Uluguru muuguzi huchoma chanjo, hupima wajawazito na huzalisha usiku, na masika barabara ikiharibika rufaa ya kushuka mjini huwa ngumu. Ukiajiriwa, kituo chako kinaweza kuwa huko. Muulize pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B, kwani mwanafunzi anayeshika sindano anaihitaji mapema.

La mwisho ni umri. Chuo hakitakuonea haya kwa mvi mbili tatu, lakini matangazo ya ajira za afya serikalini huweka ukomo wa miaka 45. Chukua mwenye miaka 39 anayedaiwa fizikia: akifanya mtihani Novemba, ataingia chuoni akiwa na 40 na kumaliza na 43, kisha kuna mtihani wa leseni na kusubiri tangazo. Inawezekana, ila nafasi ya kurudia mwaka ni finyu. Hospitali binafsi na za mashirika ya dini huajiri kwa masharti yao, kwa hiyo mwenye umri huo aanze kuziulizia tangu akiwa fildi.