Mke wa Agano Lako

Masomo: Mwanzo 21:8–21, Malaki 2:13–16



Wengi wenu mnakumbuka Machi 2014. Usiku wa tarehe 20 wabunge wanaume waliubadilisha Mswada wa Ndoa ili mwanamume asilazimike kushauriana na mkewe kabla ya kuoa mwingine. Wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Viongozi wa makanisa, NCCK ikiwemo, wakamsihi Rais Uhuru Kenyatta asiutie sahihi. Aliutia, mwezi Aprili. Mimi nilihubiri juu ya jambo hilo mpaka spika ikalia, na mkanipigia makofi.

Lakini kuna kitu sikuwaambia siku ile.

Sheria hiyo haikumruhusu Mkristo kuoa mke wa pili. Inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya Kikristo ni mume mmoja mke mmoja hadi leo. Zinazoruhusu wake wengi ni ya kimila na ya Kiislamu. Sasa dada, wewe uliyeketi hapa na bwanako, mlifunga ipi?

Wazee walienda, mbuzi wakahesabiwa, mahari ikapokelewa, mkarudi Kayole mkaanza maisha. Jumapili moja mchungaji akawaita mbele, akawaombea, kanisa likasema amina. Mbele ya sheria hiyo ni ndoa ya kimila. Maombi yetu hayakuigeuza. Na wale wa njoo tukae wako pabaya zaidi, kwa sababu Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba watu kudhaniwa mume na mke eti wameishi pamoja ni jambo la nadra, si kawaida.

Basi tulikuwa tunalipigia kelele Bunge huku nusu ya viti vyetu viko chini ya kipengele kilekile.

Mama mmoja wetu alikuja ofisini baada ya miaka mingi ya ndoa. Bwanake alikuwa amepeleka mahari kwingine, mashambani, Jumamosi, akarudi Jumapili akaimba kwaya. Mama aliomba barua ya kanisa kuthibitisha kwamba yeye ni mke wa pekee. Nilipekua makabati. Nilichopata ni jina lake kwenye orodha ya mchango wa hema.

Msome Hajiri tena. Ibrahimu alikuwa tajiri wa mifugo, lakini asubuhi ile alimtwika mkate na kiriba cha maji, akamwacha aende jangwani na mtoto. Ni kweli Mungu aliisikia sauti ya kijana. Ila mtu asijifiche nyuma ya muujiza huo. Malaki anasema Bwana mwenyewe ni shahidi kati ya mtu na mke wa ujana wake, na hao anaowakemea ni watu wa madhabahuni, wenye sadaka mkononi.

Ndugu fulani ataniambia, "Pasta, karatasi haileti upendo." Sawa. Lakini risiti ya ploti yako umeiweka kwa bahasha, chini ya godoro, na hujawahi kuniambia haileti ploti.

Na kosa si lenu pekee. Sisi wachungaji tuliwafundisha kwamba harusi ni kamati, hema, keki na magari sita, mkaogopa, mkangoja miaka kumi. Sheria haidai keki. Inadai notisi ya siku 21, mashahidi, na mhubiri aliye na leseni. Aliye na ndoa ya kimila na mke mmoja tu anaweza kuigeuza kuwa ya mke mmoja, wote wawili wakikubali kwa hiari mbele ya afisa wa ndoa.

Kwenye ushirika wa nyumbani wiki hii, akina baba wajibu kwanza: cheti chenu kiko wapi? Kama hakipo, ni nani aliyekuwa hakitaki?

Wanaotaka kuanza waje ofisini Jumatano baada ya maombi ya mchana. Njooni wawili, na vitambulisho.