Moyo wa Nguruwe na Roho ya Mtu

Katika lugha yetu moyo hufanya kazi nyingi: hupenda, huogopa, hukata tamaa. Si ajabu basi kwamba wengi walishtuka waliposikia kuwa mwezi wa Januari 2022, huko Baltimore, Marekani, madaktari walimtia David Bennett, mwenye umri wa miaka 57, moyo wa nguruwe. Je, alibaki mtu kamili?

Naam, alibaki mtu kamili hata alipofariki mwezi wa Machi. Roho haikai moyoni kama ndege tunduni. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kuwa roho ndiyo iufanyayo mwili wote kuwa mwili wa mtu, nayo i nzima katika kila kiungo. Mwaka 1956 Baba Mtakatifu Pio XII alikwisha kueleza kwamba kumtia kipofu ngozi angavu ya jicho la mnyama si kosa, bali tezi za uzazi za mnyama zikataliwe.

Jambo la pili ni zito zaidi, wala lisichanganywe na hilo. Mwaka 2021 wataalamu wa China na Marekani walitangaza kwamba wametia chembe hai 25 za binadamu katika kila mimba changa ya kima, jumla mimba 132, zikakuzwa vyomboni. Siku ya 19 zilisalia 3 tu. Walitafuta njia ya kuotesha viungo vya kuwaponya wagonjwa, na nia hiyo ni njema. Lakini vilikuwa viumbe gani? Yamkini kima tu. Yamkini! Nusu ya roho haipo: Mungu mwenyewe huiumba roho ya kila mtu, haitoki hata kwa wazazi, seuze chupani. Mwindaji aonaye kichaka kikitikisika, asijue kama ni paa au ni mwenziwe, hafyatui bunduki.

Ndiyo maana Kanisa lilikataa, mwaka 1987, kuchanganya mbegu za uzazi za mtu na za mnyama. Na mwaka 2008 likakataa kutia kiini cha chembe ya mtu katika yai la mnyama.

Wagonjwa hawakuachwa kwa hayo. Machi 2024, mjini Boston, mgonjwa wa miaka 62 alipewa figo la nguruwe. Nguruwe yule alikuwa ametiwa vinasaba vichache vya binadamu ili mwili wa mgonjwa usilikatae figo lake; naye alikuwa nguruwe tu.