Upendo Unaovuka Mpaka

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: 2 Samweli 13:1–15, Mathayo 5:43–48, Luka 10:25–37, Warumi 12:9, 10, 1 Wakorintho 13:4–7, 2 Timotheo 4:10.

Fungu la Kukariri: 1 Yohana 4:19.

Kwa Kiswahili mtu husema anampenda mke wake, anampenda mama yake, anapenda ndizi na maharage, na anampenda Mungu. Kitenzi ni kilekile. Wayunani walikuwa na maneno kadhaa: erosi, mapenzi ya mwili; storge, upendo wa damu, kama wa mzazi kwa mtoto; filia, upendo wa marafiki; na agape, neno ambalo Agano Jipya hulitumia zaidi kuueleza upendo wa Mungu.

JUMAPILI: Neno Peke Yake Halitoshi

Soma 2 Timotheo 4:10. Dema alipenda nini, na upendo huo ulimfikisha wapi?

Mara nyingi hufundishwa kwamba agape ni upendo mtakatifu, na mwingine wote ni wa chini. Lakini Paulo anaposema Dema aliupenda ulimwengu, anatumia kitenzi cha agape. Tafsiri ya kale ya Kiyunani hulitumia neno hilohilo kwa Amnoni, aliyedai kumpenda Tamari, akamtenda jeuri, kisha akamchukia. Kwa upande mwingine, katika Warumi 12:10 Paulo anatumia neno lililounganisha filia na storge, akitaka waumini wapendane kama watu wa nyumba moja. Mapenzi ya mume na mke nayo ni zawadi ya Muumba.

Basi upendo haupimwi kwa jina lake. Hupimwa kwa chanzo chake na kwa matendo yake.

Je, ni tendo gani la juma lililopita linaloonyesha unachokipenda kweli?

JUMATATU: Ng'ambo ya Mto

Soma Luka 10:25–37. Kwa nini mwanasheria alitaka kujua jirani yake ni nani?

Upendo wa asili una mpaka. Mzazi huanza na mwanawe. Rafiki huanza na rafiki. Mwanasheria alitaka aonyeshwe mpaka huo ulipo. Yesu alimjibu kwa habari za Msamaria aliyetumia mafuta, divai, punda na fedha yake kwa mtu asiyemjua.

Mwishoni mwa Aprili 1994 swali hilo liliifikia Wilaya ya Ngara. Watu wapatao 250,000 waliikimbia Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakivuka daraja la Rusumo juu ya Mto Kagera. Benaco ikawa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Kihangaza kinakaribiana sana na Kinyarwanda na Kirundi, hivyo mwenyeji na mgeni waliweza kuelewana. Ni rahisi kumhurumia anayesema kama mama yako.

Kisha gharama ikaja. Miti ilikatwa kwa kuni na vibanda, vyanzo vya maji vikaelemewa, wizi ukaongezeka. Kambi zilidumu hadi Desemba 1996. Kwa mtu wa Ngara, swali la jirani lilikuwa la kila asubuhi: kuni zangu, maji yangu, watoto wangu, na huyu je? Huruma inayotegemea kufanana huchoka mapema. Upendo uliotoka kwa Mungu hauanzi kwa kuuliza mgeni anafanana na nani.

JUMANNE: Upendo Usiofurahia Udhalimu

Soma Mathayo 5:43–48 na 1 Wakorintho 13:6. Mafungu haya mawili yanaendaje pamoja?

Miongoni mwa waliovuka walikuwamo walioua. Aliyegawa maji hakuweza kujua kila mkono uliopokea ulikuwa umetenda nini. Je, alikosea kuugawia? Baba wa mbinguni huwapa mvua wenye haki na wasio haki. Lakini kumnywesha mwenye kiu si kumficha asijibu mashtaka. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwahukumu baadhi ya wahusika wa mauaji yale, wakiwemo viongozi wa makanisa. Hilo ni onyo zito: mtu anaweza kuhubiri upendo miaka mingi na bado akawa na mpaka moyoni, na ng'ambo yake jirani akaachwa afe.

Msalaba huyashika yote mawili. Pale dhambi haikuitwa ndogo, wala mwenye dhambi hakukataliwa.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Vibarua kutoka Burundi hulima mashamba ya Ngara. Je, kibarua wako hulipwa ulichoahidi, kwa wakati, na hula chakula unachokula wewe?

2. Mtu anawezaje kumpenda mgeni bila kuwanyima watoto wake? Angalia 1 Timotheo 5:8.

3. Ndugu yako akitenda uovu, upendo wa damu hukushawishi ufanye nini? Upendo wa Mungu je?

4. Ni nani katika kijiji chenu ambaye hakuna anayemhesabu kuwa jirani? Amueni pamoja mtakalomtendea kabla ya Sabato ijayo.