Eli na Kinywa cha Hana
Somo kwa washarika na wainjilisti juu ya maneno ya mgonjwa wa akili



Somo letu la mwezi huu twalitoa katika 1 Samweli, mlango wa 1. Yafaa kila msomaji alisome kwanza katika Biblia yake, ndipo aendelee hapa. Humo mna habari za Hana, mkewe Elkana, aliyekwenda Shilo kumwomba Mungu mtoto. Aliomba kwa moyo. Midomo yake ilicheza, bali sauti yake haikusikiwa. Eli kuhani alikitazama kinywa chake, akamdhania kuwa amelewa, akamkemea. Hana akamjibu kwa upole, akamweleza uchungu wake. Ndipo Eli alipoligeuza neno lake, akamwacha aende kwa amani.

Eli alikosa wapi? Hakukosa kwa kutazama, maana mlinzi wa nyumba ya Mungu hana budi kutazama. Alikosa kwa kuhukumu kabla hajauliza. Na kosa hilo halikufa pamoja naye. Limo katika nyumba zetu na katika sharika zetu, hasa kijana aanzapo kusema maneno yasiyofuatana.

Tufanye mfano. Yuko kijana wa kwaya, mwenye miaka 19, aliyezoea kusema vizuri. Kidogo kidogo maneno yake yapotea njia. Baba asema, Ana kiburi, hajibu aulizwapo. Jirani asema, Amevuta bangi. Wazee wa kanisa wasema, Amelewa, na atengwe. Mwingine asema, Ana pepo, na afungwe kamba aombewe. Wote wamekitazama kinywa chake, wala hapana hata mmoja aliyemsikiliza. Miezi yapita, na ugonjwa wazidi kuota mizizi.

1. Ugonjwa wenyewe

Yako maradhi ya akili ambayo madaktari huyaita saikosisi. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hushika sana mawazo yasiyo kweli, kama kudhani ya kuwa watu wote wamfuata wapate kumdhuru. Mara nyingi huanza katika ujana, tangu miaka 15 hivi mpaka 30 na kupita. Madaktari hukadiria ya kuwa watu kama 3 katika kila 100 hupatwa na hali hii angalau mara moja maishani mwao. Basi usharika wo wote usijidhanie kuwa hauna mtu wa namna hii.

Tena chanzo chake si kimoja. Wengine wana skizofrenia. Wengine hupatwa baada ya kujifungua mtoto, au kwa sababu ya bangi, au kwa ugonjwa mwingine wa mwili au wa moyo. Kazi ya kupambanua ni ya daktari, si yetu.

2. Jinsi maneno yanavyoharibika

Daktari Eugen Bleuler wa Zürich, katika nchi ya Uswisi, ndiye aliyelitoa jina la skizofrenia mwaka 1908. Aliona ya kuwa kamba iungayo wazo na wazo imelegea katika wagonjwa wake. Baadaye, mwaka 1979, daktari Nancy Andreasen wa Marekani alizipanga namna 18 za kuharibika kwa usemi, ili madaktari waziangalie kwa utaratibu. Sisi tutataja tano, zifaazo kujulikana na mtu asiye daktari.

Ya kwanza, mawazo huacha njia. Wamwuliza kijana, Jana ulikwenda wapi? Naye ajibu, Nalikwenda sokoni, soko lina chumvi, chumvi yatoka baharini, bahari haina mlango, mlango ufungwe. Kila neno lashikana na jirani yake, walakini safari nzima haifiki po pote.

Ya pili, maneno hupungua. Mtu aliyekuwa msemaji sasa ajibu, Ndiyo, au, Sijui, basi. Pengine hukawia sana kabla ya kujibu, au hukatika katikati ya neno kama aliyenyang'anywa wazo lake. Hiki ndicho watu wakiitacho kiburi.

Ya tatu, msikiaji hajui ni nani anayetajwa. Katika lugha yetu ni rahisi kusema, Alimwambia, wakaja, akakataa. Mtu mzima wa akili hutaja majina kwanza, ndipo afupishe. Mgonjwa huenda asiyataje kabisa, maana amesahau ya kuwa wewe huyajui yaliyomo moyoni mwake.

Ya nne, sauti huyavuta maneno kuliko maana, kama, kata, pata, mata. Au mgonjwa hutunga maneno mapya ambayo hapana mwingine ayajuaye.

Ya tano, mafumbo humshinda. Tangu zamani madaktari wa nchi nyingi wamewauliza wagonjwa maana ya mithali, kwa kuwa wengi wao huzishika kwa maneno yake tu. Ukimwambia ya kuwa mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, huenda akatafuta panya. Sisi tupendao kuonya kwa mithali tuangalie neno hili.

Lakini dalili moja haitoshi. Yuko mtu mnyamavu tangu kuzaliwa, na yuko mzee arukaye huku na huku katika hadithi zake, nao ni wazima. La kuangaliwa ni mageuzi: kwamba usemi wake si kama ulivyokuwa, tena pamoja nao usingizi umepotea, au amejitenga na watu, au ameacha kazi na kuoga, au ana hofu isiyo na sababu.

3. Mambo yanayofanana nayo

Maneno yakiharibika ghafula, kwa saa chache au siku chache, fanyeni haraka kwenda hospitali. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, au homa nyingine kali, au kifafa, au pigo la kichwa. Mtu ambaye mdomo umekwenda upande, na mkono umelegea, na maneno hayatoki, huenda amepatwa na kiharusi. Huyo asingoje hata kesho.

Wengine hutuuliza habari za kunena kwa lugha. Twajibu hivi: si kila anenaye kwa lugha katika maombi ni mgonjwa. Maombi yakiisha, yeye hurudi nyumbani akasema na watoto wake vizuri, akahesabu fedha zake, akaeleza habari za shamba. Bali mgonjwa maneno yake humpotea kanisani, na sokoni, na kitandani pake vile vile. Basi tusimsifu mgonjwa kuwa nabii, wala tusimfukuze kuwa ana pepo, tukamnyima daktari.

4. Yatupasayo kufanya

Kwanza, tusikilize. Mpeleke mahali pa utulivu, na aseme naye mtu mmoja tu. Tumia maneno machache. Uliza swali moja, ukangoje jibu lake hata likikawia. Usipomfahamu, sema, Ndugu yangu, sijakufahamu, niambie tena. Maana hivyo wautwaa upungufu juu yako mwenyewe. Usimcheke. Usishindane naye juu ya sauti azisikiazo, wala usiseme ya kuwa nawe wazisikia; sema tu, Naona ya kuwa jambo hili lakutia hofu. Ndani ya maneno yaliyotawanyika mara nyingi mna neno la kweli: nina hofu, nina njaa, sijalala.

Akitaja kufa, au kumdhuru mtu, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku iyo hiyo.

Pili, tusikawie. Mficha maradhi, kilio humfichua. Imeonekana katika uchunguzi wa nchi nyingi ya kuwa ugonjwa huu ukikaa siku nyingi bila dawa, kupona huwa kugumu zaidi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1992, katika mji wa Melbourne huko Australia, daktari Patrick McGorry na wenzake walianzisha mahali pa kuwatibu vijana mara ugonjwa uanzapo. Na nchi nyingine zimefuata mfano huo.

Tatu, tusiogope dawa. Tangu mwaka 1952, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walipoitumia klopromazini kule Paris, ziko dawa za kutuliza maradhi haya, na kwa wengi maneno hurudi njiani. Walakini dawa nazo zaweza kuufanya ulimi uwe mzito au mate yatoke. Mgonjwa asiziache kwa siri. Amwambie daktari, naye atapunguza au atabadili. Ikiwa ulimi au shingo yajipinda kwa nguvu, arudishwe hospitali mara moja.

Nne, tuombe, lakini tusifunge mtu kamba wala kumlazimisha kufunga chakula. Maombi na hospitali havishindani. Sisi Walutheri tuna ushuhuda wa jambo hili katika milima ya Usambara. Lutindi palianzishwa mwaka 1896 pawe makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hata leo ni hospitali ya kanisa, ambapo dawa, kazi za mikono na Neno la Mungu hukaa pamoja.

5. Neno la mwisho

Soma tena Marko 7, tangu mstari wa 31. Bwana wetu aliletewa mtu kiziwi, mwenye usemi mzito. Hakumponya mbele ya macho ya watu wote, bali alimtenga na mkutano kwanza. Alimwonea haya kwa ajili yake. Basi nasi tukimletea Yesu mtu ambaye maneno yake yamepotea, tusimfanye tamasha.

Eli alikosa, lakini aliposikia alikubali kugeuka. Na baraka yake ikawa ya kweli. Nasi tuliowahukumu watoto wetu kwa haraka, njia hiyo ya kugeuka iko wazi.

Maswali ya kuulizana:
1. Je, katika usharika wetu yuko aliyetengwa kwa ulevi, ambaye hapana aliyemsikiliza?
2. Kwa nini Hana aliweza kujitetea, na mgonjwa wa akili hawezi? Ni nani atakayemtetea?
3. Hospitali iliyo karibu nasi iko wapi, na ni nani kati yetu atakayemsindikiza mgonjwa siku ya haja?

Bwana atupe masikio kabla ya kutupa maneno. Amin.