Barabara ya Mlimani: Tuongoze Maji Kwanza



Wilaya yetu ya Rungwe ina mvua nyingi. Kwa kawaida huanza Novemba na huendelea hadi Mei. Mvua hiyo hutupa ndizi, chai, viazi na majani ya ng'ombe. Lakini mvua hiyo hiyo huchimba barabara zetu za udongo.

Barabara kuu ya lami kutoka Mbeya kwenda Kyela inapita Tukuyu. Ila vijiji vingi viko mbali nayo, vilimani na mabondeni. Barabara ya kijiji ikikatika, majani ya chai hayafiki kiwandani siku ile ile, na yakichelewa huharibika. Maziwa huchachuka. Mama mwenye uchungu wa uzazi hubebwa kwa machela kwenye utelezi.

KOSA LETU

Wengi wetu tukiona shimo tunalijaza udongo na vigogo vya migomba. Siku mbili tatu gari linapita. Mvua moja tu, shimo linarudi, tena kubwa zaidi. Kwa nini? Tumeziba shimo, lakini maji hatukuyaondoa. Maji yakishuka mlima mrefu bila kutolewa njiani huwa mengi na hushika kasi. Yakishika kasi hubeba hata mawe.

KAZI YENYEWE

Ifanyike kiangazi, kabla ya mvua.

1. Anzeni juu mlimani, si penye shimo. Fuateni alama za maji mpaka muone yanapoingilia barabarani.

2. Chimbeni mifereji kando ya barabara. Kila penye nafasi, yachepusheni maji yaende pembeni kwenye majani. Zungumzeni kwanza na mwenye shamba. Mkiyamwaga kwenye viazi vyake mtakuwa mmehamisha shimo tu, na ugomvi juu.

3. Pangeni vizuizi vya mawe ndani ya mfereji ili kupunguza kasi. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko kando, maji yapite hapo yasirudi barabarani. Mlima ukishuka meta 1 kwa kila meta 10, wekeni kizuizi kila baada ya meta 6.

4. Sasa zibeni shimo. Mawe chini, changarawe juu. Kila tabaka lisizidi sentimeta 15. Nyunyizeni maji kidogo, shindilieni sana, ndipo mweke tabaka jingine.

5. Barabara iwe na mgongo. Ikiwa upana ni meta 4, katikati paishinde kando kwa sentimeta 15. Hapo maji hayatatuama.

Kama kijito kinakatiza barabara, panahitaji kalavati. Msijaribu wenyewe. Mwenyekiti wa kijiji apeleke habari TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017.

BAADA YA KAZI

Mfereji uliojaa majani na tope si mfereji. Kila baada ya mvua kubwa, zibueni. Jembe moja kwa saa moja leo laweza kuokoa kazi ya kijiji kizima kesho. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI

1. Kwa nini shimo lililojazwa udongo tu hurudi?
2. Mfereji una urefu wa meta 60. Ukiweka kizuizi kila baada ya meta 6, utahitaji vizuizi vingapi?
3. Katika barabara ya kijiji chako, maji yanaingilia wapi? Nenda ukaone, kisha uandike.